Kampuni zetu za Nyanda za Juu Kusini zinajiandaa na kesho, au zinanunua kompyuta tu?

#1 | Mleta uzi, Mbeya

Wakuu, heshima kwenu. Wa Mbeya mjini, Tukuyu, Mbozi, Tunduma, Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa: mwagonile, kamwene.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za kampuni ndogo na za kati. Ofisi sina, nina begi, kompyuta mpakato na namba za wakurugenzi wanaonikumbuka zikikaribia tarehe za ritani. Kwa hiyo naingia kampuni nyingi kwa mlango wa nyuma. Naona risiti, naona mishahara, naona mzigo uliorudishwa, na baada ya muda nakuwa najua nani anamwogopa nani.

Siku hizi kila mkurugenzi anazungumzia ubunifu. Ukutani kuna dira na dhamira ndani ya fremu. Amenunua mfumo wa stoo, amefunga kamera, ameajiri kijana wa kuposti Instagram. Ukimuuliza kampuni yake imejiandaaje na miaka kumi ijayo, anakuonyesha hivyo vitu. Mimi nina kipimo changu, na ndicho nataka tukijadili hapa: habari mbaya inachukua muda gani kutoka kwa yule aliyeiona kwanza hadi kwa mwenye kusaini hundi?

Chukueni parachichi. Aina ya Hass ikiwa mtini haikuambii kwa macho kwamba imekomaa, inabaki na ukijani wake. Ndiyo maana kwenye vituo vya kufungashia kuna mtu anayekata vipande vya nyama ya tunda, anavipima kwenye mizani ndogo, anavikausha kwenye maikrowevu mpaka uzito usipungue tena, kisha anapiga hesabu ya kilichobaki. Wanunuzi wengi wa nje hawataki tunda lenye chini ya asilimia 21 hadi 23 ya uzito mkavu. Ukichuma kabla ya hapo, tunda linasafiri wiki kadhaa baharini, na likifika badala ya kuiva linasinyaa na kuwa kama mpira wa ndala.

Kampuni moja ninayoifanyia hesabu (siitaji, na msinibembeleze) ilipata hasara ya namna hiyo. Kwenye vitabu vyangu iliingia msimu ukiwa umeshaisha, imeandikwa "punguzo kwa mteja". Bosi akaniambia soko la Ulaya limeyumba. Nikaomba madaftari ya kituo ili nilinganishe uzito. Humo ndani, kwa mwandiko safi wa binti anayepima, kulikuwa na tarehe, namba ya shamba na asilimia 18, 19, 18. Binti alijua siku ileile matunda yalipoingia getini. Na hakuna aliyemkataza kusema! Alisema, akaambiwa kontena linasubiri, andika peleka. Basi akaandika, akapeleka.

Mashine za kampuni ile ni nzuri kuliko za jirani zake wote. Mizani ipo, maikrowevu ipo, binti ana stashahada. Njia ya kupita taarifa ndiyo haikuwepo.

Mfano wa mbali ninaoupenda ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors walikifunga mwaka 1982. Utoro ulikuwa umekithiri, wafanyakazi na mabosi ni paka na panya, magari yanatoka na kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Kilichobadilika ni utaratibu. Juu ya kila kituo cha kazi kulikuwa na kamba, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wa timu anakuja hapohapo kusaidia, na tatizo lisipoisha kwa wakati mstari mzima unasimama. Zamani kusimamisha mstari ilikuwa dhambi ya kufukuzwa kazi. Haikuchukua muda mrefu magari ya pale yakahesabiwa miongoni mwa yenye ubora wa juu kuliko yote ya General Motors. Kisha General Motors wakataka kuhamishia utaratibu huo kwenye viwanda vyao vingine, na hapo ndipo walipohangaika miaka na miaka, maana kamba ilifungwa lakini msimamizi alikuwa bado yuleyule wa kuuliza "nani kavuta?"

Wazo lenyewe lilitoka kwenye nguo, kwa wanaopenda historia. Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa Waingereza wa Platt Brothers mwaka 1929, na ukoo huohuo ndio uliokuja kuanzisha kampuni ya magari.

Kuna jingine la hospitalini. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi na makosa ya kutoa dawa. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipofuatilia akagundua kwamba timu nzuri ziliyataja makosa yake, na zile nyingine ziliyaficha. Kwa hiyo mkurugenzi ukiletewa ripoti ya mwezi haina kasoro hata moja, mimi mhasibu wako nakushauri uogope.

Turudi nyumbani. Mambo yanayotujia siyo siri. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 kwamba kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa zisiingie kwao bila kuonyesha zimetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini sheria ipo. Mbozi kuna kahawa, Kyela kuna kakao. Zabuni za serikali tangu 2023 zinapita mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, siyo tena bahasha ya kaki. TANESCO walipoanza kutumia nguzo za zege, kila mwenye shamba la mikaratusi kuanzia Mufindi hadi Njombe ilimpasa aketi chini na kufikiri. Sasa jiulizeni nani aliziona nguzo za zege kwanza, bodi ya wakurugenzi au dereva wa lori aliyezikuta zinashushwa yadini wakati anasubiri kushusha za miti? Huyo dereva akirudi, kuna mtu anamuuliza umeona nini huko? Anaulizwa mafuta tu.

Sisi watu wa huku tuna adabu, na naipenda. Mkubwa anaamkiwa, hakosolewi mbele za watu. Lakini kazini adabu imezaa ugonjwa. Bosi akisema kunanyesha, kila mtu anakunja suruali, na jua linawaka. Matokeo yake tunafunga sanduku la maoni ukutani, lina kufuli, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Mahali fulani nililifungua mwenyewe wakati wa kuhesabu mali za ofisi. Lilikuwa na karatasi ya pipi na kikaratasi kinachoomba sabuni ya chooni.

Nimalizie na kizuri. Mafinga kuna jamaa wa mbao ambaye kila Jumamosi, kabla ya kulipa, anakaa na vijana wake kwenye magogo na kuuliza swali moja: wiki hii kitu gani kimetupotezea hela? Mnoa misumeno akasema ni msumeno wenyewe. Dingdong zetu, zile mashine za msumeno wa duara, zinakula zaidi ya milimita 5 kila zikipita. Ukipasua mbao tano za inchi moja, ya sita imeshakuwa vumbi. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 au 3. Bosi alikuwa analalamikia bei ya magogo mwaka mzima, kumbe jibu linakaa karakana na tupa mkononi. Walikopa, wakanunua mmoja wa mkanda. Kwenye vitabu naona magogo yaleyale yanatoa mbao nyingi kuliko zamani.

Naomba michango. Kwenu habari mbaya inapandaje?

#2 | Mdau wa Tunduma

Naweka kambi hapa. Nipo foleni ya mpakani, nina muda wa kusoma yote hata mara mbili.

#3 | Mdau wa Makambako

Mleta uzi umeandika vizuri ila unatupotezea lengo. Mimi nanunua mahindi na alizeti, nina mashine ya kukoboa na ya kukamua. Tatizo langu ni riba ya mkopo. La pili umeme ukikatika alizeti iko kwenye mashine. La tatu barabara za vijijini masika. Hizo habari za kamba za California ni za watu walioshiba. Mnipe mtaji wa riba ya kibinadamu, huo utamaduni wa kazi nitaununua na chenji.

Halafu kila semina ya biashara tunaletewa Kodak na Nokia. Nashukuru wewe umetuletea angalau kiwanda kipya.

#4 | Mdau wa Iringa mjini

Mkuu wa Makambako, Nokia usiidharau, maana wengi wanaisimulia vibaya. Wanasema hawakuona simu za kugusa zinakuja. Waliziona! Watafiti waliokuja kuwahoji mameneja na mainjinia wa pale walikuta kitu kingine: woga. Wa katikati waliwaogopa wakubwa wenye hasira, wakawa wanapeleka juu ripoti tamu kuhusu programu ya simu mpya kumbe ndani hali ni mbaya. Wakubwa nao walikuwa na woga wao wa wanahisa, wakazidi kukaza. Mwaka 2013 wakatangaza kuuza biashara ya simu kwa Microsoft. Mtaji walikuwa nao, tena wa kumwaga. Kwa hiyo hoja yako ya riba ni ya kweli kwako, lakini haimalizi mjadala.

Na kwa mfano wa jirani, siku ukija Iringa pita Neema Crafts. Ilianza 2003 na vijana viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mikono, mpaka za kinyesi cha tembo. Kwenye mgahawa wao wahudumu hawasikii. Unaandika unachotaka au unajifunza ishara mbili tatu zilizobandikwa. Kazi imepangwa kufuata namna wafanyakazi wanavyowasiliana, na mteja ndiye anayejifunza. Ni maofisi mangapi yenye watu wanaosikia vizuri kabisa yamefikiria jambo hilo?

#5 | Mwenye kiwanda, Mafinga

Siyo mimi yule wa msumeno wa mkanda, nitangulize hilo msije mkanipigia simu.

Mleta uzi, hujawahi kuajiri. Mimi niliwafungulia vijana mdomo. Nikawapa taarifa zote, wateja ni nani, Dar tunauza bei gani, faida iko kwenye saizi ipi. Msimamizi wangu alisikiliza vizuri sana, akatoa na mawazo mazuri tu. Msimu uliofuata amefungua yadi yake mbele kidogo, na wateja wangu wawili wakubwa ndio wateja wake. Sasa ninyi mnaosifia uwazi mniambie, uwazi una ukomo wapi? Mimi siku hizi bei ya Dar naijua mimi na mke wangu.

#6 | Mdau wa Njombe (mdada wa gredi)

Jamani naomba na mimi niongee, maana mmeanza na habari ya parachichi na hakuna aliyekuwa mezani.

Mimi nachambua matunda. Nipo kwenye kampuni nyingine, siyo hiyo ya mleta uzi, lakini daftari lile nimelielewa kabisa. Sisi wengi ni vibarua wa siku. Asubuhi tunasimama getini, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Ukiwa na mdomo jana, leo kidole kinakuruka. Hakuna barua wala onyo, kinakuruka tu. Sasa nani atavuta hiyo kamba yenu?

Nawapa mfano. Tunda likianguka chini halipaswi kuchanganywa, kwa sababu mchubuko hauonekani leo, unaonekana likishaiva huko linakokwenda. Kila mtu mezani anajua. Wachumaji wanalipwa kwa kreti, kwa hiyo yaliyoanguka yanaingia kwenye kreti. Wachambuaji tunalipwa kwa siku lakini tunapigiwa kelele kwa kasi. Kwa hiyo mchumaji ana sababu ya kuficha, na mimi nina sababu ya kutoliona. Kaka mleta uzi umesema adabu. Kwetu siyo adabu, ni ugali wa kesho.

Mimi naona kampuni ingeanza na watu kumi tu wa meza, iwape mkataba wa msimu mzima. Hao wataongea. Huwezi kumwambia mtu unayemchagua upya kila asubuhi akusaidie kuiona miaka kumi ijayo.

#7 | Mdau wa Tukuyu

Dada #6 umenyoosha. Uzi ungeanzia kwako.

#8 | Mleta uzi, Mbeya

Dada wa Njombe, asante sana. Nilikuwa naangalia daftari, wewe umeniangalizia malipo, na kama mhasibu ndiko nilikopaswa kuangalia zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa kazi maalumu kwa kibarua, na inatambua kazi za msimu. Hakuna kinachomzuia mwajiri kumpa mtu wa gredi mkataba wa msimu kuanzia tunda la kwanza hadi la mwisho. Gharama yake nimewahi kuipigia hesabu kwa mteja mmoja: ilikuwa ndogo kuliko kontena moja lililokatwa bei. Ila naye alisema atafikiria, na bado anafikiria.

Mwenye kiwanda wa Mafinga, hoja yako siipuuzi. Lakini soma tena ulichoandika. Yule kijana alikuwa na mawazo mazuri na uwezo wa kuendesha yadi, na nafasi ya juu kabisa kwako ilikuwa usimamizi wa mshahara. Angebaki, angekuwa nani baada ya miaka mitano? Wengine wanampa mtu wa namna hiyo asilimia ya mauzo, au anasimamia yadi ya pili kwa ubia. Siyo wote wangebaki, najua. Na bei ya Dar hata ukiificha, dereva wa Fuso anaijua.

Mkuu wa Makambako, riba ni kweli. Swali langu kwako ni dogo: kijana wako wa stoo anajua nini ambacho wewe hukijui?

#9 | Mdau wa Makambako

Anajua kulala. Usinichokoze.

#10 | Muuguzi, Mbeya

Habari zenu. Mmetaja wauguzi wa Marekani, mkaruka wa hapa nyumbani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ilianza utaratibu wa 5S mwaka 2007, ndiko ulikofanyiwa majaribio kabla ya kusambazwa hospitali nyingine nchini. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Umetoka Japani, kiwandani, na mkoa wetu ukawa darasa.

Watu wakisikia 5S wanafikiri ni kubandika lebo na kupanga mafaili. Hizo lebo ndizo sehemu rahisi. Kinachohitaji moyo ni timu za maboresho za idara, ambamo mhudumu wa usafi, muuguzi na daktari wanakaa pamoja kuamua kitu kikae wapi na kwa nini. Mhudumu wa usafi ndiye anayejua sindano zinaokotwa kona gani. Zikitupwa vibaya anachomwa yeye. Kwenye kikao akisema "pipa liwe hapa", likahamishwa siku hiyohiyo, mwezi unaofuata ataleta lingine. Likikaa miezi mitatu bila jibu, hasemi tena, na ukimuuliza anasema kila kitu kiko sawa.

Halafu S ya tano ndiyo inayotushinda Watanzania wengi. Shikilia. Mgeni akija kutoka wizarani kila kitu kinang'aa.

#11 | Kijana wa programu, Mbeya (Iyunga)

Nimesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, natengeneza mifumo ya stoo na mauzo kwa hizihizi kampuni mnazozizungumzia. Naomba niseme siri ya biashara yangu.

Bosi ananiita ofisini, ananieleza kampuni inavyofanya kazi. Natengeneza alichosema. Naenda kuufunga mfumo, nakuta stoo inafanya kazi tofauti kabisa na alivyonieleza, kwa sababu miaka yote anaambiwa inafanya hivyo. Mzigo unatoka kwanza, karatasi inafuata jioni. Kuna mteja wa kuaminika anachukua bila risiti na kulipa Ijumaa. Kuna mifuko iliyochanika ambayo haiko popote kwenye maandishi. Mfumo wangu hauruhusu hayo yote, kwa hiyo baada ya wiki mbili kompyuta imefunikwa kitambaa na kaunta buku limerudi mezani. Bosi anasema vijana hawapendi teknolojia. Vijana wanapenda sana teknolojia, wako TikTok muda huu.

Nikajifunza kuanza kazi stoo, nakaa huko kwanza na chai yangu. Bosi naenda kwake mwisho. Wengine hawapendi, wanaona nimewaruka.

Na kwenye NeST ni hivyohivyo. Kampuni ina mtu mmoja anayejua nywila, akiugua siku ya mwisho wa zabuni, basi. Hilo nalo mnaliita kujiandaa na kesho?

#12 | Mdau wa Tunduma

Foleni imesogea magari manne. Kijana wa Iyunga umenichekesha na kitambaa. Kwetu kimeshonwa na lesi kabisa.

Niongeze la mawakala wa pesa. M-Pesa Kenya ilianza kama majaribio mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa uwanjani wakaliona, wakalisema, na walioko juu wakasikia. Ikazinduliwa Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa, mwaka uliofuata ikaingia kwetu. Ingekuwa ofisi ninayoijua mimi, yule kijana wa uwanjani angeandikiwa barua ya kujieleza kwa nini wateja wanatumia huduma kinyume na maelekezo.

#13 | Mzee mstaafu, Mbeya (Soweto)

Wanangu, nawasoma. Mimi nilikuwa fundi mchongaji katika kiwanda kimoja cha umma hapa Mbeya enzi zile. Vipuri vilipokosekana kwa ajili ya fedha za kigeni tulichonga wenyewe, gia, bushi, hata vitu vya mashine ambazo ramani zake hatukuwa nazo. Ubunifu ulikuwepo, msidhani umeletwa na kompyuta.

Tatizo lilikuwa moja. Tuliyoyajua yalikaa vichwani. Fundi mwenye ujuzi alikuwa anauficha kwa kijana, anampeleka kuleta spana wakati wa hatua muhimu, ili asiwe na mpinzani. Kampuni nayo haikuuliza. Tulipostaafu tulipewa bati na blanketi, tukaondoka na kiwanda kichwani. Mlango ulipofungwa, wengine walisema uchumi, wengine siasa. Mimi najua kulikuwa na mashine ambayo mtu wa mwisho kuielewa alikuwa ameshazikwa.

Sasa reli ya TAZARA wanasema inafufuliwa kwa fedha za Wachina. Ile ni kilomita 1,860, tulikabidhiwa 1976. Wenye kampuni hapa wanawaza mizigo. Mimi ningewashauri wawaze mafundi. Anzeni sasa kuwakalisha vijana na wazee wachache waliobaki, na mwandike. Kahawa nitanunua mimi.

#14 | Mdau wa Tukuyu

Shikamoo mzee. Hapo pa kutumwa spana pameniuma, nimefundishwa ufundi hivyohivyo.

#15 | Mwenye kiwanda, Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuficha ujuzi, kumbe sisi wenye viwanda tunawalaumu vijana kwa kitu walichokiona kwetu.

Mleta uzi, la ubia nimelisikia, ila niambie la sheria ya Ulaya. Mimi siuzi nje moja kwa moja, namuuzia jamaa anayefungasha. Ameanza kuniuliza magogo yametoka wapi. Nanunua kwa watu zaidi ya ishirini, wengine wana ekari tatu tu nyuma ya nyumba. Nafanyaje?

#16 | Mleta uzi, Mbeya

Ndugu wa Mafinga, hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe inapanda ngazi, na imepandia kwa mteja wako. Kwa shamba la hekta 4 kushuka chini, sheria inataka nukta moja tu ya ramani, latitudo na longitudo. Juu ya hapo ndipo unachora mipaka yote. Wauzaji wako wa ekari tatu ni nukta moja kila mmoja, na simu ya kawaida yenye ramani inaitoa.

Usiniite mimi kuifanya. Dereva wako wa trekta anafika kwenye mashamba hayo yote, na wapima magogo pia. Mpe simu, mfundishe kubonyeza akiwa katikati ya shamba, aandike jina la mwenye shamba, mwaka miti ilipopandwa na kama kabla ya hapo palikuwa shamba au msitu. Umlipe kidogo kwa kila shamba. Nina hakika atarudi na mengine ambayo hukumtuma: nani anataka kuuza mapema, nani ameshamwahidi mtu wa vinia, wapi daraja limekatika. Ukimsikiliza bila kumuuliza kwa nini amechelewa, umepata mtu wa utafiti wa soko kwa gharama ya vocha.

#17 | Mdau wa Njombe (mdada wa gredi)

Naongezea hapo. Umlipe siku hiyohiyo. Ukisema mwisho wa mwezi, atabonyeza mashamba yote akiwa kilabuni.

#18 | Muuguzi, Mbeya

😂😂 Huyu dada apewe umeneja.

#19 | Mdau wa Makambako

Nimerudi. Nimemuuliza kijana wa stoo, ili mleta uzi aniache. Kumbe wakulima wa upande wa Mtwango wamehama wanampelekea mahindi jirani yangu, wanasema mizani yangu inapunja. Nimesimama juu yake mwenyewe, kisha nikaenda kusimama kwa muuza nondo mtaa wa pili. Kweli kuna tofauti. Kijana anasema alijua tangu mavuno.

Kesho namwita mtu wa Wakala wa Vipimo. Lakini hilo ni suala la spring'i, siyo la utamaduni wa kazi, na riba iko palepale. Mwenye namba ya benki yenye mkopo wa mazao usio na dhamana ya nyumba aiweke hapa.